Nikivua buti nyayo zinawaka moto: kwa nini mimi, na jirani yangu hana neno?

"Daktari, nina miaka 49 na ni soja wa usiku huku Industrial Area, Nairobi. Kisukari cha aina ya pili niligunduliwa nacho miaka minne iliyopita. Natumia metformin gramu moja asubuhi na gramu moja jioni, na omeprazole karibu kila siku kwa sababu ya alsa. Tangu mwaka jana nikitoka zamu, nikivua buti na kujilaza, nyayo zinawaka kama nimekanyaga makaa, na vidole vya miguu vimeanza kufa ganzi. Nikipima sukari asubuhi napata 7 au 8, lakini kipimo cha miezi mitatu kilitoka 8.6. Presha mara ya mwisho ilikuwa 152/94. Navuta sigara tano au sita kwa zamu ili nisisinzie. Mimi ni mrefu, futi sita na inchi mbili, na tumbo limetoka kidogo. Jirani yangu ana kisukari miaka kumi na mitano na miguu yake haina neno. Wengine wananiambia ni baridi ya lindoni, wengine wanasema metformin ndiyo inayoharibu mishipa, niiache nitumie mitishamba. Kwa sasa naloweka miguu kwenye maji moto na chumvi. Kwa nini mimi na si yeye? Na je, nitakatwa mguu?"

Nianze na swali la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko huo moto wenyewe. Kuwaka na ganzi peke yake hakumfikishi mtu kwenye kukatwa mguu. Kinachomfikisha huko ni kidonda ambacho hakukisikia, kikakosa damu ya kutosha, kikaingia usaha, na yeye akafika hospitali siku kumi baadaye. Kila hatua ya hiyo safari inaweza kukatizwa. Wewe hata ya kwanza hujaifikia: bado unasikia, na umeuliza.

Jambo moja tu la kufanya leo kabla hujaendelea kusoma: acha maji moto. Neva zinazokuambia "maji haya yanachoma" ni zile zile ambazo zimeanza kuharibika. Mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi hutia miguu kwenye beseni, akaona maji ni ya vuguvugu tu, kumbe ngozi inaiva. Baadhi ya vidonda vya miguu ya wenye kisukari huanza namna hiyo, na mwezi wa Julai wengine huvipata kwa kunyoosha miguu karibu na jiko la makaa. Osha miguu kwa maji ya vuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, si kwa mguu, uitoe mapema na uipanguse vizuri katikati ya vidole. Chumvi haina kazi hapo ila kukausha ngozi ipasuke.

Sasa tuje kwa neva zenyewe. Neva inayoleta habari kutoka kidole gumba cha mguu ni uzi mmoja, na chembe mama yake iko karibu na uti wa mgongo, sehemu ya chini ya kiuno. Kwa mtu wa kimo chako uzi huo unapita mita moja. Karibu kila kinachohitajika kule mwisho hutengenezwa kwenye chembe mama na kusafirishwa polepole kama mzigo wa mkokoteni. Sukari ikizidi kwenye damu, neva haina mlango wa kuizuia: tofauti na misuli, haingoji insulini kuifungulia. Sukari inaingia tu, inageuzwa kuwa kemikali nyingine, na katika kugeuzwa huko neva inatumia akiba inayoilinda isichakae. Wakati huo huo mishipa midogo sana ya damu inayolisha neva hunenepa kuta na kuwa myembamba ndani, oksijeni ikapungua. Neva ndefu ndiyo huumia kwanza kwa sababu ndiyo ngumu zaidi kuitunza. Ndiyo maana shida huanza vidoleni, kwenye miguu yote miwili, ikapanda kama soksi. Kwa kawaida ikikaribia magoti ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza.

Nyuzi nyembamba, zile za maumivu na joto, mara nyingi ndizo hutangulia kuharibika, na neva inayoumia hupiga kelele bila sababu. Huo ndio moto wako. Unazidi ukijilaza kwa sababu mchana, au kwako usiku, mwili una shughuli nyingi za kuifunika hiyo kelele. Ukitulia unaisikia yote. Nyuzi nene za mguso na mizani hufuata. Kwa hiyo ukiona moto umezima wenyewe bila sukari kushuka wala dawa yoyote, usifanye sherehe. Huenda neva imenyamaza kwa kuwa imekufa.

Na hapo ndipo tunampata jirani yako. Kuna uwezekano ana bahati kweli, maana kuna watu ambao miili yao inastahimili na sayansi haijaweza kueleza yote. Lakini hadi nusu ya wenye neva zilizoharibiwa na kisukari hawasikii maumivu yoyote. "Miguu yangu haina neno" ni maneno ya mtu ambaye miguu yake haijapimwa. Mwambie naye akapimwe.

Kuhusu wewe, naona sababu kadhaa zimekutana, na nitazitaja kwa uzito ninaozipa.

Ya kwanza ni sukari kukaa juu kwa muda mrefu, na hapa hesabu zako mbili hazipatani. Kipimo cha miezi mitatu (HbA1c) cha asilimia 8.6 maana yake wastani wa sukari yako ni kama 11, mchana na usiku. Ukipima asubuhi unapata 7 au 8. Basi kuna saa ambazo inapanda hadi 13 au 14 nawe huioni. Nikikisia kwa ratiba ya soja, ni saa zile za usiku wa manane: chai ya maziwa yenye sukari kwenye thamosi, mkate, mandazi, kisha kukaa kwenye kibanda hadi alfajiri. Pia jiulize kama hicho kipimo cha asubuhi ni cha tumbo tupu kweli. Ukila saa tisa usiku na kupima saa kumi na mbili, hicho si kipimo cha kufunga, wala si cha baada ya kula. Kwa siku nne hivi, pima kabla ya kula chakula chako kikuu, pima tena zikipita saa mbili tangu uanze kula, halafu pima ukiamka mchana. Andika kwenye daftari pamoja na ulichokula. Daktari akiona karatasi hiyo ataweza kubadilisha dawa kwa akili, si kwa kubahatisha. Na ugali wa wimbi, kwa kuwa najua utaambiwa, unapandisha sukari pia. Kipande kikiwa kikubwa kama cha sima ya mahindi, tofauti ni ndogo.

Miaka minne nayo usiihesabu kama miaka minne. Kisukari cha aina ya pili hukaa mwilini kimya kwa miaka kabla hakijapimwa, na baadhi ya watu hufika kliniki siku ya kwanza neva zikiwa zimeshaguswa. Ndiyo sababu mwenye aina ya pili anapaswa kupimwa miguu siku ile ile anapogunduliwa, kisha kila mwaka. Mwenye aina ya kwanza, ambayo huanza kwa kishindo na tarehe yake inajulikana, huanza kupimwa baada ya miaka mitano.

Kushusha sukari kunasaidia kiasi gani? Utafiti mkubwa wa Marekani na Canada uliotoa matokeo mwaka 1993, uliofuata watu 1,441 wenye aina ya kwanza, ulionyesha kuwa kuidhibiti sukari kwa bidii kulipunguza uharibifu wa neva kwa asilimia 60. Kwa aina ya pili faida ipo lakini ni ndogo zaidi, na sitakuficha hilo. Sababu ni kwamba katika aina ya pili sukari haifanyi kazi peke yake; ina washirika.

Washirika wako nawaona kwenye barua. Presha ya 152/94 inabana ile mishipa midogo inayolisha neva, na inaharibu figo, na figo zikichoka sumu zinazobaki kwenye damu huumiza neva zaidi. Sigara hufanya kazi hiyo hiyo na kuongeza jingine: huziba mishipa mikubwa ya miguu, hivyo siku ukipata kidonda damu ya kukiponya haifiki. Kama lazima uchague moja tu la kubadilisha mwaka huu kwa ajili ya kubaki na miguu yako, ningekuambia sigara, kabla hata ya sukari. Kukaa macho kuna njia nyingine. Zunguka ukuta kila nusu saa, jambo ambalo pia linashusha sukari. Tumbo lililotoka huja na mafuta ya damu, hasa traigliseridi, ambayo yana uhusiano wake na neva hata kwa mtu ambaye sukari yake si mbaya sana. Pombe hukuitaja. Ikiwa kuna keg au kali ya wikendi, itaje kwa daktari, maana pombe huua neva yenyewe bila kusaidiwa na kisukari.

Na urefu wako. Wengi hucheka wakisikia, lakini ni kweli: watu warefu hupata shida hii zaidi, kwa sababu ile ile ya uzi mrefu. Hilo huwezi kulibadilisha, na umri pia, kwa hiyo tusipoteze muda nayo.

Kuhusu metformin, waliokuambia wameshika mkia wa ukweli wakauvuta vibaya. Metformin haichomi neva. Ila ikitumiwa kwa miaka, hasa kwa dozi kama yako ya gramu mbili kwa siku, hupunguza uwezo wa utumbo kuchukua vitamini B12, na B12 ikipungua sana neva huharibika kwa dalili zinazofanana kabisa na za kisukari. Omeprazole ya kila siku nayo hupunguza B12. Unazo zote mbili. Ukiongeza kuwa B12 kiasili hupatikana kwenye vyakula vya wanyama tu, yaani nyama, maini, samaki, omena, mayai na maziwa, na kwamba mahindi na sukuma vyenyewe havina hata chembe, utaona kwa nini kipimo cha B12 ndicho ningekitaka kwako kabla ya kingine chochote kipya. Chini ya takriban 150 kwa kipimo cha pikomoli kwa lita ni upungufu. Kidogo juu ya hapo ni eneo la mashaka ambalo daktari huamua kwa kuangalia dalili. Tiba ni rahisi: sindano za mikrogramu 1,000, au vidonge vya kiasi hicho hadi mara mbili yake kila siku. Metformin unaendelea nayo. Ukiiacha, sukari itapanda na neva zitalipa. Omeprazole ndiyo ya kuhojiwa: uliza kama bado unaihitaji, na kama alsa yako iliwahi kupimwa kweli au ni jina tu la kiungulia.

Usichanganye hilo na vile vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 ambavyo kemisti wengi huwapa watu wenye ganzi. Soma paketi. Baadhi vina miligramu 100 hadi 200 za B6 kwa kidonge kimoja, na B6 nyingi ikitumiwa kwa miezi inaleta ganzi ya miguu. Mtu anameza zaidi kwa sababu ganzi inazidi, na ganzi inazidi kwa sababu anameza. Kama B12 yako ni ya kawaida, huna haja navyo.

Baridi ya lindoni haijaharibu neva zako. Buti zinazobana na soksi zilizolowa zinaweza kuongeza usumbufu, na nitazirudia. Mitishamba siwezi kuisemea kwa kuwa chupa haina maandishi ya kilichomo. Najua tu kwamba ini na figo ndivyo huisafisha, na figo zako tayari zinabeba presha.

Si kila ganzi ya mwenye kisukari ni ya kisukari. Virusi vya Ukimwi, dawa ya TB ya isoniazid ikitumiwa bila B6 ya dozi ndogo, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, ukoma, na neva iliyobanwa mgongoni vyote huleta dalili hizi. Ikiwa mguu mmoja umezidi mwingine sana, kama ilianza mikononi, kama miguu inaishiwa nguvu haraka na si ganzi tu, au maumivu yanashuka kutoka kiunoni, basi hadithi inabadilika na unahitaji kuchunguzwa upya.

Unaweza kujipima kwa jaribio dogo liitwalo la Ipswich. Lala, fumba macho, mkeo au mtu mwingine aguse kwa ncha ya kidole chake, kwa wepesi na kwa sekunde moja au mbili tu, kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Asisukume, asigonge. Useme kila unapoguswa, kulia au kushoto. Ukikosa miguso miwili au zaidi kati ya sita, hisia zako zimepungua kiasi cha kuuweka mguu hatarini. Kliniki watatumia uzi wa nailoni unaopinda kwa gramu 10 na uma wa mtetemo, watagonga kifundo kuona kama mguu unaruka, na watapapasa mapigo ya damu upande wa juu wa mguu, si wa unyayo. Kipimo hiki hakichukui dakika tano. Ukiwa umeenda kliniki mara kumi na hakuna aliyekuambia uvue viatu, vivue mwenyewe.

Tiba ya moto ni kitu kimoja na tiba ya neva ni kingine. Dawa za kutuliza moto haziponyi neva, zinapunguza kelele. Amitriptyline ni ya bei nafuu na huanza na miligramu 10, ikapandishwa polepole hadi 25 au zaidi kidogo. Wewe hulali usiku, kwa hiyo "meza usiku" iliyoandikwa kwenye bahasha itakufanya usinzie getini. Mwambie daktari ratiba yako ili aipange kabla ya usingizi wako wa mchana, na uangalie kama bado una kizunguzungu ukiingia zamu. Haifai kwa mwenye shida ya mapigo ya moyo au anayekojoa kwa shida. Duloxetine husaidia pia, ila inaweza kupandisha presha kidogo, hivyo kwako presha ishuke kwanza. Pregabalin na gabapentin hupimwa kulingana na figo na zinaweza kuvimbisha miguu. Yoyote utakayopewa, ipe wiki nne hadi nane kwenye dozi inayotosha kabla ya kusema haifanyi kazi, na tarajia moto upungue kwa theluthi au nusu; kuisha kabisa ni kwa wachache. Diclofenac na ibuprofen hazifanyi chochote kwa maumivu ya neva, na kwa mwenye kisukari na presha ni njia ya mkato ya kuharibu figo. Kwa alsa yako ni mbaya zaidi.

Kuhusu kupona: ganzi iliyokaa muda mrefu hairudi yote. Ikiwa sehemu ya shida ni B12, hiyo huweza kurudi kwa miezi kadhaa. Iliyotokana na sukari tunalenga isipande juu zaidi ya vidole, na mazoezi pamoja na kupunguza uzito kumewasaidia baadhi ya watu kupata nafuu ya kweli. Lenga kipimo cha miezi mitatu kushuka chini ya 7 bila sukari kuanguka chini ya 4, na presha chini ya 130/80. Usikimbilie. Sukari iliyokaa juu sana ikishushwa kwa kasi, zaidi ya pointi mbili za kipimo hicho ndani ya miezi mitatu, inaweza kuamsha maumivu makali ya neva. Kutoka 8.6 hadi 7 kwa miezi mitatu au minne ni mwendo salama.

Buti sasa. Ziwe na nafasi ya karibu sentimita moja mbele ya kidole kirefu zaidi, na zijaribiwe jioni miguu ikiwa imevimba kidogo. Buti za mitumba si dhambi, lakini zimekwisha kujikunja kwa mguu wa mtu mwingine, kwa hiyo ingiza mkono ndani upapase mishono, misumari na sehemu zilizochakaa. Zikung'ute kila jioni kabla ya kuvaa. Mguu wenye ganzi unaweza kubeba kokoto zamu nzima. Soksi kavu, zisizobana kifundo, beba na za akiba. Ukirudi, angalia nyayo na katikati ya vidole kwa kioo au kamera ya simu. Paka mafuta juu na chini, si katikati ya vidole. Sugu zisikatwe kwa wembe.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki, ukiona kidonda chochote kwenye unyayo hata kama hakiumi, ngozi nyeusi, harufu, au malengelenge. Vivyo hivyo mguu mmoja ukivimba na kuwa na joto kuliko mwenzake. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo linganisha kwa mgongo wa mkono. Mguu wa namna hiyo unaweza kuwa mifupa inavunjika bila maumivu, na kila hatua unayoikanyaga inaiharibu zaidi, basi panda bodaboda usitembee hadi stejini. Kizunguzungu kila ukisimama, kushindwa kukojoa, au kukosa pumzi na jasho la ghafla hata bila maumivu ya kifua ni dalili kuwa neva za ndani nazo zimeguswa, na hilo la mwisho ni la dharura.

Hospitali ya Kenyatta ina kliniki ya kisukari, lakini huna haja ya kuanzia huko. Kituo cha afya au hospitali ya kaunti iliyo karibu nawe inaweza kuanza, ikakupa rufaa ikibidi. Nenda na daftari la sukari, dawa zote kwenye paketi zake hadi ile chupa ya mitishamba, na uombe vitu vinne: miguu ipimwe kwa uzi, B12, kiwango cha figo pamoja na protini kwenye mkojo, na presha irudiwe ukiwa umekaa dakika tano bila kuvuta sigara nusu saa kabla. Buti zako za kazini uende umezivaa, wazione nazo.